Sura ya Sita: Ghala la Joto na Kikombe cha Kunywea

Kitale ni mji wa baridi na ni mji wa chai, na mambo hayo mawili hayapatani. Mji umekaa mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Mlima Elgon upande wa magharibi na milima ya Cherangani upande wa mashariki. Asubuhi ya Julai karani huingia kazini na sweta ndani ya koti, na mwenye busara huongeza soksi za pili. Saa nne ikifika, chai inamiminwa. Hapo ndipo simu inapolia, mteja anaingia na stakabadhi zisizosomeka, mkubwa anataka faili ya juzi. Nusu saa baadaye karani anarudi kwenye kikombe na kukuta malai yametanda juu. Anayasukuma kando kwa kijiko, anapiga funda moja, anakiacha hapo hapo hadi mfagiaji akiondoe jioni.

Siku hizi kuna vifaa vinavyodai kuimaliza shida hiyo. Kuna sahani za umeme za kuwekea kikombe, kuna vijisahani vya kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kuna vikombe vyenye betri kwenye kitako, kuna vikombe vya chuma vya kuta mbili. Vinauzwa mtandaoni, vinaletwa zawadi na jamaa walio ng'ambo, na vingine vimeanza kuonekana kwenye maduka ya vyombo. Nimevichunguza kwa hamu, kwa sababu mimi pia ni mhanga wa chai baridi. Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji mwenye haraka aende zake: vingi vinachanganya kazi mbili ambazo hazifai kufanywa na chombo kimoja, yaani kuihifadhi chai na kuinywa.

Tuanze na hesabu, wala si nyingi. Maji ya Mombasa huchemka yakifika digrii 100. Kila ukipanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, kiwango hicho hushuka kwa digrii moja. Bungoma, iliyo mita 1,400 hivi, sufuria huchemka kwenye digrii 95 au zaidi kidogo. Kitale haifiki 94. Kwa hiyo chai ya Kitale huanza safari yake ikiwa imeshapungukiwa, hata kabla haijatoka jikoni, na hakuna moto wa kuni wala wa gesi unaoweza kuirekebisha. Ukiongeza moto utaongeza povu tu.

Halafu kuna suala la hewa ya ofisini. Mwaka 1701 Isaac Newton alichapisha makala fupi ya Kilatini, bila kutia jina lake, akieleza kwamba kitu cha moto hupoteza joto kwa kasi inayolingana na tofauti kati yake na hewa inayokizunguka. Tuseme ofisi ya Kitale iko kwenye digrii 18 na ya Bungoma kwenye 22. Chai ikiwa na digrii 60, tofauti ni 42 huku juu na 38 kule chini. Hiyo ni kusema kwamba chai ya Kitale hupoa kwa kasi iliyozidi ya Bungoma kwa sehemu moja ya kumi. Ukiteremka barabara ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye mpaka ufike Kanduyi, Bungoma, umempunguzia karani shida yake kwa kiasi hicho. Hujaimaliza, kwa maana hata Bungoma chai ya saa nne ikisahauliwa hadi saa tano ni chai ya kumwagia maua.

Joto hutoka kwenye kikombe kwa njia zote: pembeni, chini kupitia meza, na juu. Juu ndipo penye hasara isiyotiliwa maanani. Chukua kikombe cha mililita 250. Ili chai iliyomo ishuke kwa digrii moja, lazima ipoteze nishati ya jouli 1,050 hivi. Gramu moja tu ya maji ikigeuka mvuke huondoka na jouli 2,300 hivi, yaani inaishusha chai yote iliyobaki kwa digrii mbili na ushei. Gramu tano ni kijiko kidogo cha chai. Kijiko hicho kikipanda hewani, chai imepoteza digrii 11. Mvuke ule unaonukia tangawizi na iliki, unaokufanya ufumbe macho kabla ya kunywa, ndio joto lenyewe linaaga. Na dirisha likiwa wazi, au mlango ukifunguliwa kila dakika kama wa ofisi ya ardhi, upepo unauzoa mvuke huo na kuupisha mwingine.

Ndiyo maana tiba ya kwanza ni ya bure. Kile kisahani tunachokiweka chini ya kikombe kingefaa zaidi juu yake. Bibi zetu walilijua hilo: mgeni akitoka nje kunawa mikono, kikombe chake kilifunikwa. Sisi wa ofisini ndio tulioacha, sijui kwa nini. Labda kikombe kilichofunikwa kinaonekana cha mgonjwa.

Tiba ya pili nayo haigharimu kitu. Kikombe kizito cha udongo wa kuchomwa kilicholala kwenye kabati la Kitale kina baridi ya usiku mzima, na kitu cha kwanza kinachofanya ni kujipasha kwa chai yako. Kikombe cha gramu 350 kikiwa na digrii 18, ukikimiminia mililita 250 za chai ya digrii 90, hesabu inaonyesha kwamba vyote viwili vitakutana kwenye digrii 73 au hapo karibu. Digrii kumi na kitu zimekwenda kabla hujaonja. Kisuuze kwanza kwa maji ya moto, na hasara hiyo itapungua sana. Kikombe cha bati la enameli hakili joto jingi namna hiyo, kwa kuwa ni chepesi, ila kinaiachia chai ipoe upesi na kinaunguza midomo.

Sasa tuviweke vifaa mezani. Sahani ya umeme ya kawaida ina nguvu ya wati 15 au 20. Kikombe kisicho na kifuniko, chenye chai ya digrii 65, hupoteza kama wati 20. Kwa karatasi, basi, ni sare. Lakini geuza kikombe chako ukitazame kitako. Vikombe vingi vya udongo vina ukingo wa mviringo unaogusa meza, na katikati pameingia ndani, pana nafasi ya hewa. Sahani inapasha hewa hiyo, na hewa ni mchukuzi mvivu wa joto. Nusu ya nguvu uliyoilipia inaishia kuipasha meza. Ndiyo maana chai iliyowekwa juu ya sahani hizi haibaki kwenye 65. Huteremka polepole mpaka kwenye 50 au chini yake, ambapo hasara imepungua kiasi cha sahani kuimudu, kisha hutulia hapo. Kikombe chenye kitako bapa kinafaidi zaidi. Kikombe chenye kitako bapa na kifuniko kinafaidi zaidi sana, na hapo ni kifuniko kinachofanya kazi kubwa.

Kile kijisahani cha USB ni kichekesho. Tundu la kawaida la USB la kizazi cha pili hutoa volti 5 na nusu ampea: wati 2.5. Kwa nguvu hiyo, hata kama joto lote lingeingia kwenye chai na lisitoke, ingechukua dakika saba kukipandisha kikombe kizima kwa digrii moja. Kwa kuwa wakati huo huo chai inapoteza mara nane ya hizo, kifaa hakiwezi hata kuichelewesha kupoa kwa kiasi cha kuonekana. Kinachofanya ni kuipa kompyuta mzigo na kukuletea kikombe kilichojaa karibu na kibodi, jambo ambalo watengenezaji wa kompyuta hulifurahia.

Kuna onyo moja la kweli kwa wenye ndugu Marekani. Stima ya huko ni volti 120. Yetu ni 240. Sahani iliyotengenezwa kwa ajili ya Dallas au Minneapolis, ikichomekwa Kitale kwa kubadilisha plagi tu, haipati nguvu maradufu. Inapata mara nne, kwa sababu nguvu hukua kwa mraba wa volti. Wati 20 zinakuwa 80. Kinachofuata ni harufu ya plastiki na kelele za wenzako. Soma kibandiko cha chini kabla ya kushukuru: kikisema 100–240V, salama, kikisema 120V pekee, kifanye pambo.

Stima yenyewe nayo ina hesabu yake. Sahani ya wati 20 ikiachwa ikiwaka saa nane za kazi hula uniti 0.16. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya Kitale kwa birika la umeme, kutoka baridi hadi kuchemka, hula takriban uniti 0.15. Kwa hiyo gharama ya kukibembeleza kikombe kimoja kutwa nzima ni sawa na kuchemsha maji mapya ya vikombe sita. Si pesa nyingi kwa vyovyote vile, na sitamlaumu mtu kwa senti hizo. Ninachosema ni kwamba stima ikipotea, na hupotea, sahani inabaki kuwa sahani.

Vikombe vya betri ni hadithi nyingine, ya wenye nazo. Kampuni ya Ember ya Marekani inauza kikombe ambacho unakiamuru kwa simu kishike joto unalolitaka, kati ya digrii 50 na 63 hivi, na betri yake hudumu kama saa moja na nusu kabla ya kurudishwa kwenye kisahani chake cha chaji. Kinafanya kazi. Bei yake ingelipa chai ya ofisi nzima kwa muda mrefu. Nilichokipenda ni ule mpaka wa juu, 63, ambao tutaurudia. Kabla yake, mwaka 2011, Wamarekani wawili walichangisha pesa mtandaoni kutengeneza Coffee Joulies, mbegu za chuma zenye kitu ndani kinachoyeyuka kwenye digrii 60. Unazitumbukiza kwenye kahawa inayounguza. Zinaumeza ule moto wa ziada zikiyeyuka, kisha zinaurudisha pole pole zikiganda. Ni akili nzuri sana, isipokuwa mbegu zenyewe zinachukua nafasi ya kahawa.

Kifaa kilichoshinda vyote hivi kilivumbuliwa kabla hakujawa na reli wala karani Kitale. Mwaka 1892 James Dewar, Mskoti aliyekuwa akifanya utafiti katika Royal Institution mjini London, alihitaji chombo cha kutunzia gesi alizozipoza mpaka zikawa maji. Yeye alitaka baridi isiharibiwe na joto la nje. Akaweka chupa ndani ya chupa na kuifyonza hewa yote iliyokuwa katikati. Pasipo hewa, joto halina cha kupandia. Na kuta zikipakwa rangi ya fedha, hata lile linalosafiri kama mwanga linarudishwa lilikotoka. Dewar hakuichukulia hataza. Mafundi wa Kijerumani, Reinhold Burger na mwenzake, wakaona kwamba kinachozuia joto kuingia kinalizuia pia kutoka, na mwaka 1904 wakaanzisha kampuni ya Thermos. Dewar alikwenda mahakamani na hakufanikiwa. Chombo alichokitaka kwa ajili ya hewa-maji kikaishia kwenye vyumba vya walimu vya Bungoma kikiwa na chai ya maziwa.

Ifungue thamosi ya Kichina, ile yenye maua waridi, nayo itakufundisha kuliko kitabu. Zungusha kitako cha plastiki hadi kiachie. Kioo kinachotoka ndani ni chepesi kuliko ulivyotarajia, kinang'aa kama kioo cha kujitazamia, na chini kabisa kina ncha ndogo kama chuchu. Hapo ndipo hewa ilipofyonzwa na glasi ikazibwa kwa moto. Ncha hiyo ndiyo roho ya thamosi. Ikipata ufa mdogo, usioonekana, hewa huingia, na tangu siku hiyo thamosi ni chupa ya kawaida iliyovaa nguo. Haitavuja. Haitapiga kelele. Itakupa tu chai ya uvuguvugu saa sita, nawe utamlaumu aliyeipika. Kioo cha ndani huuzwa peke yake, kwa hiyo usiitupe yote. Pima ukubwa, nunua kioo, rudisha kitako, na usikaze kupita kiasi. Thamosi za chuma hazivunjiki kirahisi hivyo, ingawa nazo zikiangushwa vibaya sana hupoteza ule utupu wa katikati.

Kuna akina mama wanaoivisha thamosi kitambaa cha kufuma, kama wanavyovisha makochi. Ni urembo halali, nami sina ugomvi nao, lakini hauongezi hata dakika moja ya joto. Thamosi nzima haihitaji shuka, na iliyopasuka haitaokolewa nalo. Inachohitaji ni vitu viwili. Kwanza, ipashwe: mimina maji ya moto, funga, subiri kidogo, yamwage, ndipo utie chai. Pili, ijazwe. Thamosi iliyojaa na iliyofika nusu zinapoteza joto karibu sawa, lakini ya nusu ina akiba ndogo, hivyo hupoa mbio zaidi. Ndiyo sababu yule anayekuja kuchukua kikombe cha mwisho saa kumi analalamika kila siku. Mlango wa hasara ni shingo na kizibo, juu tena. Kizibo kilicholegea kinaua kazi yote ya Dewar.

Hata hivyo, Dewar hakuwa wa kwanza kuiwaza shida hii, wala hatuhitaji kwenda Ulaya kuipata historia yake. Kwa Wabukusu wa Bungoma, wazee walikaa kukizunguka chungu cha kamalwa, kila mmoja na mrija wake mrefu, na pombe hiyo hunywewa ya moto. Chungu ni kikubwa na kinene, mdomo wake ni mwembamba ukilinganisha na tumbo, na kila kinaposhuka kinaongezwa maji ya moto. Wateso wa Busia na wa upande wa pili wa mpaka, Tororo, hufanya vivyo hivyo na ajono yao. Angalia ujanja wake: hakuna anayemiminiwa kikombe cha kupoa mbele yake. Joto linabaki ghalani, na mnywaji anachota funda moja moja tu kwa mrija.

Pwani walifika penye jibu hilo hilo kwa njia yao. Muuza kahawa wa Mombasa au Lamu hutembea na dele, buli refu la shaba au bati, likiwa juu ya makaa. Hiyo ndiyo sahani ya umeme, bila umeme. Lakini siri haiko kwenye makaa pekee. Iko kwenye finjani, kikombe kidogo kisicho na mkono, kinachobeba mafunda machache ya kahawa chungu. Kabla haijapata nafasi ya kupoa imeshakwisha, na ukitaka nyingine unaongezewa kutoka kwenye dele, ya moto kama ya kwanza. Waomani nao huimimina kahawa yao kidogo kidogo kwenye finjani kutoka kwenye buli kubwa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyefikiria kutengeneza kikombe kikubwa cha kushika joto kutwa. Wametenganisha ghala na kikombe, na shida ikaisha.

Sisi wa ofisini tulifanya kinyume. Tulikuza kikombe mpaka kikafika nusu lita, kina picha ya klabu ya mpira au jina la benki iliyokigawa bure, tukakijaza mpaka juu, kisha tukaanza kutafuta kifaa cha kukipasha.

Na kwa kweli, tunataka chai yenye joto kiasi gani? Wengi hapa watasema: ya kuunguza. Mtu wa Kitale akipewa chai anayoweza kuinywa papo hapo huuliza kama ilichemka jana. Jambo hili lina upande wake mbaya. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyonywewa vikiwa juu ya digrii 65, katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayohusika ni ya umio, ule mrija wa kushusha chakula tumboni, na ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, una wagonjwa wengi wa saratani hiyo isivyo kawaida. Magharibi mwa Kenya tumo. Utafiti uliofanywa Eldoret katika Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, uliwalinganisha wagonjwa na watu wasio na ugonjwa huo, ukakuta kwamba waliosema wanakunywa vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari kubwa zaidi. Kilimanjaro, watafiti walichukua kipimajoto na kupima chai ya watu wakati wanaanza kuinywa: wastani ulikuwa digrii 70 na kitu, na wanywaji wa chai ya maziwa walianza ikiwa ya moto zaidi kuliko wanywaji wa chai ya rangi.

Chai siyo mshitakiwa peke yake. Pombe kali na tumbaku wamo kizimbani, na wengine pia. Tena kinachoshitakiwa ni moto. Majani, maziwa na sukari havihusiki. Kikombe kile kile kikingojewa dakika tano hakina kesi. Hapa ndipo nilipokipendea kile kikombe cha Ember: mpaka wake wa juu hauvuki 65.

Basi, mtu angesema, sahani ya umeme inayoishusha chai hadi 50 na kuishikilia hapo ni mkombozi. Kwa kunywa, ndiyo. Kwa kuhifadhi, hapana, na sababu ni maziwa. Chai ya huku si maji yaliyodokezwa majani. Ni maziwa na maji yaliyochemshwa pamoja na sukari, na kila kiumbe kidogo kinachopenda uvuguvugu kinaipenda. Kuchemsha huua vingi, lakini bakteria kama Bacillus cereus huacha mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa, zikisubiri joto lishuke ili zianze maisha upya. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikingoja kuliwa kiwe juu ya digrii 60, na kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili. Kikombe cha chai ya maziwa kilicholala kwenye sahani yenye digrii 45 tangu saa nne hadi saa tisa kiko mahali pale pale anapopaweka maziwa mtu anayetaka yagande.

Hapo ndipo zile kazi mbili zinapogombana waziwazi. Chai ya kungoja inataka kuwa juu ya 60. Chai ya kunywa inataka kuwa chini ya 65. Nafasi iliyobaki katikati ni nyembamba mno kwa kifaa cha bei nafuu. Thamosi nzuri inalimudu jukumu la kwanza kwa saa nyingi bila stima. Kikombe kidogo, kilichopashwa na chenye kifuniko, kinalimudu la pili kwa dakika kumi, ambazo zinamtosha yeyote asiyeitwa na mkubwa. Akiitwa, kilichopoa ni kikombe kidogo tu, na ghala liko salama.

Thamosi nayo ina masharti. Chai ya maziwa ikivuka saa sita ndani yake huanza kubadilika ladha, na thamosi ambayo haisafishwi vizuri hunuka chai ya wiki iliyopita hata ukitia maji matupu. Ioshe siku ile ile, tia kijiko cha magadi ya kupikia na maji ya moto, iache hadi asubuhi, isuuze. Kizibo kitengue na ukisugue, kwa maana maziwa hujificha kwenye mikunjo yake. Usiihifadhi ikiwa imefungwa. Kama ofisi yenu hukaa na chai tangu saa tatu mpaka jioni, ushauri wangu ni wa uchungu kidogo kwa Mkenya: tieni chai ya rangi kwenye thamosi, na maziwa ya moto kwenye thamosi nyingine ndogo inayokwisha kabla ya saa sita. Najua wengi hamtafanya hivyo. Chai iliyochanganywa kikombeni si chai iliyopikwa, na hata mimi ulimi wangu unaitambua.

Kama unayo sahani ya umeme tayari, usiitupe. Itumie kwa chai ya rangi au kahawa, kwenye kikombe chenye kitako bapa, kifuniko juu, na uizime unapotoka. Lakini kama ndiyo kwanza unakwenda dukani, nunua thamosi ya lita moja, kikombe kidogo na kifuniko kinachokitosha. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka akutilie maji yanayochemka ndani ya thamosi na aifunge. Zunguka ukanunue vitu vyako vingine. Ukirudi, iguse pande zote na chini. Ikiwa imepata uvuguvugu popote isipokuwa kwenye kizibo, irudishe rafuni umwombe nyingine.